Historia ya Kujibizana: Waraka, Gazeti, Santuri na Redio katika Makuzi ya Kiswahili

Katika zama za Mazrui waliotawala Mombasa, kabla Sayyid Said bin Sultan hajautia mji ule chini ya mamlaka yake mwaka 1837, aliishi hapo mtunzi aliyeitwa Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, mtu wa biashara na wa baraza, ambaye mashairi yake yalieleza mapenzi na njaa, deni na safari, fahari ya mji na fitina za wakuu. Watunzi wengi waliomtangulia walikuwa wameutumia ushairi aghalabu kwa sifa za Mtume, kwa visa vya mashujaa wa dini na kwa mawaidha ya akhera. Muyaka aliuchukua ushairi huo pamoja na heshima yake yote, akauingiza katika mashauri ya kila siku ya watu wa mjini. Na ulipozuka uhasama baina ya Mombasa na Lamu, katika zama za vita vya Kuduhu mwanzoni mwa karne ya 19, beti zilivuka bahari pamoja na majahazi ya vita: Mombasa ikatoa neno, na Lamu, kwa ulimi wa Bwana Zahidi Mngumi, ikarudisha jawabu.

Majibizano hayo yalikuwa na adabu yake. Aliyejibu alilazimika kuishika maudhui ya mwenziwe, na mara nyingi kuyafuata hata mafumbo na vina vyake, kwa kuwa hadhira iliyokuwa ikisikiliza ilikwisha kulihifadhi shairi la kwanza na ilingoja kupima kama la pili lilistahili kuwekwa kando yake. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyeweza kujibu vema kabla ya kusikia vema. Nami naona kwamba katika desturi hii moja imo siri ya makuzi ya lugha yetu. Maana Kiswahili katika miaka mia mbili iliyopita kimepewa vyombo vingi vya kukieneza, vingine na wamishenari, vingine na serikali za kigeni, vingine na wafanyabiashara wa mbali, na kila mwenye chombo alikuja na shabaha yake mwenyewe. Lakini lugha haikukua kwa kadiri ya nguvu ya mwenye chombo, ilikua kwa kadiri ya nafasi waliyoipata watu ya kujibu. Haya ndiyo nitakayojaribu kuyathibitisha kwa kuifuata historia yenyewe.

Waraka wa mkono

Maandishi ya kale ya Kiswahili yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya mwanzi na wino, juu ya karatasi zilizoletwa na vyombo vya ng'ambo. Utendi wa Tambuka, usimuliao vita vya Waislamu na Herekali, Kaisari wa Urumi, ulitungwa Pate na Bwana Mwengo bin Athumani, nao unahesabiwa kuwa wa mwaka 1728. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipokuwa katika ugonjwa mwaka 1858, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa mawaidha juu ya dini, adabu na maisha ya unyumba, na utendi huo ukanakiliwa kutoka nyumba hata nyumba, ukawa somo la mabinti wasiohesabika ambao hawakupata kumwona mtungaji.

Inafaa tuangalie jinsi maandishi hayo yalivyofanya kazi. Herufi za Kiarabu zina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Tena Kiarabu hakina sauti kadhaa ambazo Kiswahili hakiwezi kwenda bila ya hizo, kama vile p, ch na v, na mwandishi aliilazimisha herufi moja ibebe sauti mbili au zaidi. Matokeo yake ni kwamba mtu asiyeyajua maneno kwa kuyasikia aliyasoma kwa kubabaika. Waraka haukuweza kusimama peke yake. Ulihitaji sauti ya msomaji na masikio ya waliokuwa wakiujua utenzi kwa moyo, ambao walimsahihisha msomaji alipoteleza. Hivyo maandishi yenyewe yaliwafunga watu katika baraza, na kusoma kukawa ni jambo la watu wengi kwa pamoja, mmoja akitoa sauti na wengine wakiitikia, wakipinga au wakikamilisha.

Walakini chombo hiki kilikuwa chembamba. Waraka uliliwa na mchwa, ulioza kwa unyevu, au ulifungiwa sandukuni na warithi wasioujua thamani yake. Lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa asingeyahifadhi mashairi ya Muyaka na kuyaandika kwa ajili ya mmishenari W. E. Taylor, aliyekuwa akikisoma Kiswahili cha Mombasa kwa bidii kubwa, sehemu kubwa ya kazi ile ingezikwa pamoja na waliokuwa wakiikumbuka. Mashairi hayo yalipigwa chapa katika diwani iliyotayarishwa na William Hichens na kutolewa Johannesburg mwaka 1940, baada ya kupita takriban miaka mia moja tangu mtunzi wake kufa. Tukio hilo latufundisha kwamba kumbukumbu ya watu ina uwezo mkubwa, lakini pia kwamba haina budi kupata msaidizi.

Matbaa

Msaidizi huyo alifika Unguja kwa njia mbili zilizotofautiana. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, aliagiza mitambo ya kupigia chapa, na katika matbaa yake ya Kisultani vikachapwa vitabu vya fikihi na elimu ya madhehebu ya Kiibadhi, vyote kwa Kiarabu. Ilikuwa kazi adhimu, na wanavyuoni wa Unguja na Oman waliifurahia. Lakini Kiswahili, kilichokuwa kikisemwa hata katika kumbi za jumba lenyewe, hakikupewa nafasi katika mitambo ile.

Njia ya pili ilikuwa ya wamishenari. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, akakuta lugha ambayo wenyeji wake walikuwa wakiisema kwa ufasaha uliomshangaza, naye akaifanyia kazi ya sarufi, ya tafsiri na ya uchapaji, akiwafundisha vijana wa misheni kupanga herufi za risasi kwa mikono yao. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha mafundisho ya lugha na kingine cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Hadithi ambazo kila usiku zilibadilika kidogo kwa ridhaa ya msimulizi na kwa vicheko vya wasikilizaji, sasa zilikaa juu ya ukurasa katika sura moja isiyogeuka. Hapa lugha ilipata kitu na kupoteza kitu: ilipata kudumu na kusafiri mbali kuliko sauti ya mtu, ikapoteza ule ushirika wa msikilizaji aliyeweza kulikatiza neno na kulielekeza kwingine.

Hasara hiyo haikukaa muda mrefu bila ya kufidiwa. Mwaka 1888, katika shule ya misheni ya Kiungani, lilianza kuchapwa gazeti dogo lililoitwa Msimulizi. Wanafunzi wa Kiungani walikuwa vijana wa makabila mengi ya bara, na baadhi yao walikuwa wamekombolewa katika vyombo vya wauzaji watumwa. Kwao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama, kilikuwa lugha ya makutano, lugha waliyoishika baada ya kutengwa na kwao. Walipomaliza masomo wakapelekwa kufundisha mahali pa mbali, waliandika barua kulieleza gazeti habari za huko, na gazeti likawarudishia wenzao habari hizo. Yafaa tulipe jambo hili heshima yake: miongoni mwa waandishi wa kwanza wa habari kwa Kiswahili walikuwamo watu waliojifunza lugha hiyo ugenini, ukubwani au utotoni mwao, wakaifanya kuwa yao kwa kuandikiana.

Serikali ya Wadachi katika Afrika ya Mashariki, iliyohitaji makarani, maakida na walimu wa kuitumikia, iliifanya shule yake ya Tanga kuwa kitovu cha elimu ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na hapo Tanga, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, likachapwa gazeti la Kiongozi, lililoendelea mpaka vita vilipolikomesha mwaka 1916. Kiongozi halikuwa gazeti la kuitia serikali kasoro, wala halikuruhusiwa kuwa hivyo. Lakini kutoka miji ya pwani na vituo vya bara watu waliliandikia habari za mvua na mazao, za safari na misiba, na kwa mara ya kwanza mtu wa Mwanza aliweza kuzisoma habari za mtu wa Lindi kwa lugha ambayo wote wawili waliielewa. Pamoja na hayo dhuluma moja ilitendeka kimya kimya. Mzee aliyesoma Kurani, aliyeandika nyaraka na mikataba kwa herufi za Kiarabu maisha yake yote, aliingia ofisini akahesabiwa kuwa hajui kusoma. Badiliko la herufi liliwafungulia mlango wengi na kuwafungia wengine waliokuwa na maarifa, na sehemu ya elimu ya pwani ikabaki nje ya mlango huo.

Mambo Leo

Mwezi wa Januari mwaka 1923, Tanganyika ikiwa sasa chini ya Waingereza, Idara ya Elimu ilianza kutoa mjini Dar es Salaam gazeti la kila mwezi lililoitwa Mambo Leo. Shabaha ya serikali ilikuwa kuwaelimisha raia kwa namna iliyoona inafaa: afya, kilimo, historia, habari za dunia, na utii kwa sheria. Mtu akiyasoma maelezo yale rasmi peke yake angeweza kudhani kwamba gazeti hilo lilikuwa sauti ya upande mmoja. Lakini wahariri walifanya jambo ambalo pengine hawakuupima upana wake: waliwaachia wasomaji kurasa za barua, za habari za miji na za mashairi.

Kurasa hizo ziliigeuza tabia ya gazeti. Nakala moja ilisomwa na watu wengi, nyumbani kwa mwalimu, dukani, na katika baraza ambako aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Na shairi lililotolewa mwezi mmoja lilingojewa kujibiwa katika miezi iliyofuata. Kilichokuwa desturi ya Mombasa na Lamu sasa kikaingia Tabora, Dodoma, Ujiji na Songea. Mwalimu wa bara ambaye hakuwahi kuiona bahari alijifunza kutoka katika kurasa zile kwamba ubeti wa shairi una mistari minne, kwamba mstari una mizani 16 zilizogawanyika nane kwa nane, na kwamba kina cha kati na kina cha mwisho havina budi kuchungwa. Akajaribu, akakosea, akasahihishwa hadharani na msomaji wa mahali pengine, akajaribu tena. Ushairi uliozaliwa katika baraza za pwani ukapata warithi ambao babu zao walisema Kigogo, Kiha au Kinyamwezi.

Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa mmoja wa warithi hao, na diwani zake zinathibitisha kwamba urithi wa lugha haumngojei mtu azaliwe mahali maalumu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali, na katika Mambo Leo alipata hadhira kabla hajapata mchapishaji wa vitabu. Kaluta Amri Abedi wa Ujiji, ambaye baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, alitoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, akaziweka kanuni ambazo watunzi walikuwa wamekwisha kuzijadili kwa miaka mingi magazetini. Kitabu hicho hakikuzizua sheria. Kilizikusanya kutoka katika mazungumzo ya umma, na ndiyo sababu zilikubalika kwa wepesi, na zilipokuja kupingwa na watunzi wa baadaye, zilipingwa na watu waliokuwa wakizijua.

Ni kweli kwamba Mambo Leo lilikuwa na mipaka, na fikira za siasa hazikuweza kusemwa humo waziwazi. Kwa sababu hiyo Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda akakaa Dar es Salaam, alianzisha mwaka 1937 gazeti lake mwenyewe, Kwetu, lililosema kwa niaba ya Waafrika mambo ambayo gazeti la serikali lisingeyasema. Lakini hata katika ukurasa uliochungwa, ushairi una njia zake, kwa kuwa fumbo ni silaha ambayo mchunguzi wa serikali hawezi kumnyang'anya mtu. Miongoni mwa watu 17 walioiasisi TANU tarehe 7 Julai 1954 alikuwamo Saadani Abdu Kandoro, mtunzi wa mashairi. Nami siamini kwamba ni sadfa kuwa mtu aliyezoea kulijibu neno mbele ya hadhira ya nchi nzima alikuwa tayari kuijibu dola.

Mwaka 1928

Mwaka 1928 wastahili kukumbukwa peke yake, kwa kuwa ndani yake mambo mawili yalitendeka kwa watu wasiojuana, nayo yakaielekeza lugha upande mmoja. Mkutano uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 ulikuwa umekwisha kuona haja ya kuwa na Kiswahili kimoja cha shule na vitabu. Na mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, ilikatwa shauri kwamba msingi wa Kiswahili hicho uwe Kiunguja. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, na Frederick Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Kamati ilipitia vitabu vya shule na kuvipa idhini, ikasawazisha tahajia, na mwaka 1939 zikatoka kamusi zilizobaki mezani mwa walimu na makarani kwa miaka mingi. Hapo mwanzo waliokaa katika Kamati walikuwa Wazungu. Wenye lugha waliingizwa baadaye, na Shaaban Robert akawa mmoja wao.

Mwaka ule ule wa 1928, mwanamke wa Unguja alipanda meli kwenda Bombay. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 katika nyumba ya ufukara, akiitwa Mtumwa. Alitembeza vyungu mjini kabla watu hawajaitambua sauti yake, na maisha yake yaliandikwa kwa taadhima na Shaaban Robert katika wasifu ambao ni fahari ya fasihi yetu. Taarabu aliyoikuta mjini ilikuwa na asili ya jumba la Sultani. Sayyid Barghash alikuwa amempeleka Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, na chama cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 kiliiendeleza fani hiyo kwa nyimbo zilizoimbwa kwa Kiarabu. Siti aliijua taarabu hiyo na aliweza kuiimba kwa Kiarabu; lakini pamoja na Maalim Shaaban, Subeti, Buda na Mbaruku wa Mombasa aliiimba kwa Kiswahili pia, na katika nyimbo zake wakaingia watu wa mtaa wa Ng'ambo, mahakimu na mahakama zao, wanawake waliodhulumiwa na wanaume walioepuka adhabu. Kampuni ya santuri yenye alama ya mbwa, iliyomwita Bombay yeye na wenziwe, ilitaka kuuza sahani na mitambo ya kuzipigia. Haikuwa na nia ya kuikuza lugha ya mtu yeyote.

Sahani ile iliubadili wimbo. Upande mmoja wa sahani ulichukua takriban dakika tatu, na wimbo ambao ukumbini uliweza kwenda kwa kadiri ya raha ya wasikilizaji, ukirudiwa na kuongezwa, ulilazimika kukunjwa ndani ya kipimo hicho. Lakini kilichopunguzwa kwa urefu kiliongezwa kwa upana: sauti ya mwanamke wa Unguja ikasikika Mombasa na Lamu, Tanga na Dar es Salaam, mikahawani na majumbani, kwa watu ambao hawakuwa na habari ya mkutano wa wataalamu wala ya idhini ya vitabu. Kiunguja kilichochaguliwa kwa shauri la serikali kilikuwa kikipendwa kwa njia ya santuri. Amri ya Kamati iliweza kumlazimisha mtoto wa shule kuandika namna fulani; haikuweza kumlazimisha mzee wa Mombasa kukaa kitako usiku kulisikiliza neno la Unguja na kulikariri asubuhi. Hilo lilifanywa na Siti. Nayo Mombasa ilijibu kwa waimbaji wake na kwa sahani zake, na katika miaka iliyofuata taarabu ikajibizana hata na nyimbo za Misri na filamu za Kihindi, ikichukua lahani na kuzivika maneno ya Kiswahili.

Tusiusahau upande wa walioona hasara. Kuchaguliwa kwa Kiunguja kuliziacha lahaja za Mombasa na Lamu, zilizobeba ushairi mkubwa kuliko wote, katika hali ya kuonekana kama makosa ya kusahihishwa. Hapo Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza mwaka 1930 kutoa karatasi yake iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, akiwaandikia Waislamu wa pwani kwa Kiswahili cha kwao juu ya elimu, uchumi, mila na wajibu wa kujirekebisha bila ya kujidharau. Aliijua hatari ya watu kuvipokea vyombo vipya huku wakiyaacha maneno yao, naye akaijibu hatari hiyo kwa chombo kipya chenyewe. Huo ni mfano mwema wa kujibizana: alichukua gazeti, alama ya zama za wageni, akalitia kazi ya kuilinda lugha na adabu ya mji wake.

Redio

Mwaka 1951 zilianza kusikika Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja. Vyombo vya kupokelea vilikuwa vichache na ghali, na watu walikusanyika kwenye kilichokuwapo, kama vile zamani walivyokusanyika kwa msomaji wa waraka. Hata zilipofika redio ndogo za kubebwa mkononi, zisizohitaji umeme wa waya, sauti iliingia kila mahali ambako mtu aliweza kununua betri. Kilichokuwa kazi ya gazeti kwa walioelimika kikawa kazi ya redio kwa wote, na asiyejua herufi akapata tena daraja aliyoipoteza wakati waraka ulipoiachia nafasi matbaa.

Serikali ya kikoloni haikuachiwa mawimbi peke yake. Mwaka 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, ikisema juu ya ukombozi wa Afrika maneno ambayo vituo vya wakoloni havikuweza kuyatamka, na mwaka 1957 London ikaanzisha idhaa yake ya Kiswahili. Hivyo msikilizaji wa Mwanza au wa Malindi alipata jambo jipya: aliweza kuzisikia habari zile zile kutoka pande zinazopingana, kwa lugha yake mwenyewe, akazipima. Watangazaji nao walilazimika kuieleza kila siku dunia ya mabunge, uchaguzi, mikataba na mizozo kwa Kiswahili kitakachofahamika siku ile ile, bila ya kungoja kamusi. Msamiati wa siasa ulifuliwa studioni na kupimwa vijiweni. Lililokubalika lilirudi hewani na katika magazeti, na lililokataliwa likafa.

Uhuru wa Tanganyika ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, lugha ya kuutangaza ilikuwa tayari, na ilikuwa tayari kwa sababu ya miaka 38 ya barua na mashairi tangu Mambo Leo kuanza, ya sahani za santuri na ya sauti za redio. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwaka 1963 alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare, alikiona Kiswahili kuwa lugha iliyokwisha kukomaa katika majadiliano, inayoweza kubeba hoja za dola na fasaha ya mwandishi mkubwa wa Kiingereza. Mwaka 1964 Kamati ya Lugha ikaingia katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kazi ya wenye lugha wenyewe. Radio Tanzania iliwapa wasikilizaji nafasi ya kuandika: walituma kadi za salamu, maombi ya nyimbo na mashairi, na mtu wa kijijini alilisikia jina lake na la ndugu zake likisomwa kwa nchi nzima. Wako walioyadharau mambo hayo kuwa madogo. Mimi nayaona kuwa mwendelezo wa ukurasa wa barua, nao ukurasa wa barua ulikuwa mwendelezo wa baraza.

Mazingatio

Tukiiangalia njia yote tuliyoipita, tunaona kwamba hakuna chombo kilichokuja bila ya kuitoza lugha ushuru wake. Matbaa ilitoza herufi za wazee. Kamati ilitoza lahaja za Mombasa na Lamu. Santuri ilitoza urefu wa wimbo. Na kila ushuru uliotozwa, sehemu yake ilirejeshwa na watu waliokishika chombo kile na kukitumia kwa haja zao: wanafunzi wa Kiungani walioandika barua, walimu wa bara walioshindana kwa vina, Siti aliyeingiza mashtaka ya wanyonge katika bidhaa ya kampuni ya kigeni, na Sheikh al-Amin aliyeilinda lugha ya mji wake kwa gazeti. Utamaduni haukuwa mzigo uliobebwa na vyombo hivi. Ulikuwa ndio mkono uliovigeuza.

Leo vyombo vya kujibu ni vingi kuliko zamani zozote. Tangu miaka ya 1990, redio na televisheni za watu binafsi zilipoanza Tanzania Bara, vijana wameufanya muziki wao kuwa uwanja mpya wa Kiswahili, na simu ya mkononi imempa kila mtu kalamu na hadhira. Wako wanaohofia kwamba lugha itaharibika kwa wingi huu. Historia niliyoieleza hainipi sababu ya kuuogopa wingi, kwa kuwa kila kizazi kilichopewa nafasi ya kusema kiliitajirisha lugha. Inanipa sababu ya kuwa na hofu nyingine: kwamba tunaweza kuirithi haki ya kujibu tukaiacha adabu yake. Zahidi Mngumi hakuweza kumjibu Muyaka bila ya kulijua shairi la Muyaka. Mwalimu wa Dodoma hakuweza kumkosoa mwenziwe katika Mambo Leo bila ya kuvihesabu vina na mizani zake. Jibu lililotolewa bila ya kusikiliza halina kazi yoyote linayoifanyia lugha, hata likisomwa na watu elfu.

Kwa hiyo nawaomba wahariri, watangazaji na walimu wa Kiswahili warudishe mahali pa majibizano yenye kanuni. Gazeti lisilo na ukurasa wa mashairi ya wasomaji na liupate. Redio inayopokea simu za wasikilizaji imtake mpigaji aieleze kwanza hoja ya aliyemtangulia kabla ya kutoa yake. Shule iwafundishe watoto kulijibu shairi kwa shairi, kwa maudhui yale yale na vina vile vile. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi wala mitambo mipya. Yanahitaji wahariri wenye subira na wasomaji wenye masikio. Na Kiswahili, kilichopata watu wa namna hiyo katika kila zama ngumu zilizopita, kina haki ya kuwapata na sasa.